Kwa nini daktari anataka kutoboa figo iliyo afadhali

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 52 na uzito wa kilo 50. Amegundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya 3B. Ultrasaundi imeonyesha kuwa figo ya kushoto imejaa maji mengi na nyama yake imebaki nyembamba, ilhali ya kulia imejaa maji kiasi. Kreatinini yake, ile taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kazi, ni 190. Madaktari wamesimamisha mpango wa kumpa dripu za saratani na wanataka kwanza wamwekee mrija wa kutoa mkojo kupitia mgongoni, tena kwenye figo ya kulia. Ndugu zangu wamepinga. Wanauliza kwa nini itobolewe figo iliyo afadhali na kuachwa ile mbovu, na wanahofia kwamba mrija utasambaza saratani. Wengine wanaona ni heri aanze mionzi mara moja, uvimbe usinyae na mkojo ujipitie wenyewe. Je, figo zitarudi? Na sisi nyumbani tufanye nini? (Msomaji, Shinyanga)

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Nianze na jambo linaloigawa familia yenu, kwa kuwa ndilo lenye haraka kuliko yote. Kwa maelezo uliyotuma, pendekezo la kuanza na figo ya kulia ni sahihi, nami ningetoa ushauri huohuo. Sababu yake haionekani mpaka mtu aelewe figo hizi mbili zimepitia nini hadi kufikia hapo zilipo.

Kila figo hutoa mkojo kwa mrija wake mwembamba, wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, unaoteremka nyuma ya matumbo hadi kwenye kibofu. Mrija huo unapokaribia kibofu hupita takribani sentimita 2 tu kando ya shingo ya kizazi. Ndiyo maana saratani ya mahali hapo, ikishatambaa kuelekea ukuta wa nyonga, huifikia mirija ya mkojo na kuibana kabla haijagusa viungo vingine vingi, na ndiyo maana figo kujaa maji kwa sababu ya uvimbe huo, peke yake, hutosha kuiweka saratani katika hatua ya 3B, hata kama mgonjwa hajawahi kulalamikia kiuno.

Mrija ukibanwa, figo haiachi kuchuja siku hiyohiyo. Shinikizo hupanda ndani yake, kisha damu inayoingia hupungua, na vichujio vyake, ambavyo ni karibu milioni moja kwa kila figo, huanza kufa kidogokidogo na mahali pake kushikwa na kovu. Katika majaribio yaliyofanywa kwa wanyama, figo ambayo mrija wake ulizibwa kabisa kwa wiki moja ilirudi karibu yote ilipozibuliwa, iliyozibwa wiki nne ilirudisha sehemu ndogo tu, na ya wiki sita haikurudisha kitu cha maana. Binadamu mwenye uvimbe hafuati hesabu hiyo moja kwa moja, kwa kuwa uvimbe hubana taratibu na mara nyingi huacha upenyo, kwa hiyo figo huweza kustahimili muda mrefu zaidi. Hata hivyo mwelekeo ni uleule, na kila wiki inayopita ina gharama yake.

Tatizo ni kwamba gharama hiyo hulipwa kimyakimya. Figo moja ikizibwa huku nyingine ikiwa nzima, mgonjwa huendelea kukojoa kama kawaida, na kreatinini yake huweza kubaki ndani ya kiwango au kupanda kidogo tu, kwa sababu figo iliyo nzima hubeba kazi ya zote mbili. Kwa kuwa nyama ya figo ya kushoto ya mama imekwisha kuwa nyembamba, nadhani ilizibwa muda mrefu uliopita bila yeyote kujua. Kreatinini imepanda sasa kwa sababu hii ya kulia, aliyokuwa akiishi nayo peke yake, nayo imeanza kubanwa. Kwa maneno mengine, figo ambayo ndugu zako wanataka isiguswe ndiyo inayopotea wakati huu.

Sasa mtaona kwa nini daktari anaanza nayo. Hatari ya kutoboa figo ni ileile upande wowote, lakini faida hutofautiana sana. Figo yenye nyama nene bado ina vichujio hai vya kuokolewa, na ikifunguliwa kreatinini hushuka. Figo iliyobaki ganda jembamba lililojaa maji itatoa mkojo mwingi siku ya kwanza, kwa kuwa ulikuwa umekusanyika humo, kisha itabaki ikitoa mkojo mwepesi usio na taka nyingi, na damu ya mgonjwa itaendelea kuchafuka. Mara nyingi figo moja nzuri iliyofunguliwa hutosha kumfikisha mgonjwa kwenye matibabu, kwa hiyo hatuoni sababu ya kumtwisha mifuko miwili. Yapo mambo mawili yanayobadilisha uamuzi huo. La kwanza ni iwapo upande wa kushoto una maambukizi, yaani mgonjwa ana homa, anatetemeka na ana maumivu ya kiuno upande huo, maana usaha uliofungiwa ndani ya figo huua haraka na lazima utolewe bila kujali figo hiyo ina thamani gani. La pili ni iwapo upande wa kulia umefunguliwa na kreatinini ikagoma kushuka.

Kuhusu hoja ya kuanza mionzi kwanza, ninaielewa, na siyo ya kipuuzi, kwa sababu uvimbe ukisinyaa mrija huweza kweli kufunguka. Lakini kusinyaa huko huchukua wiki kadhaa, na mwanzoni mionzi huweza kuzifanya nyama za hapo zivimbe kwa muda na kuzidi kubana. Zaidi ya hapo, matibabu ya saratani hii kwa lengo la kuponya ni mionzi ya nje, mionzi ya ndani na dripu ya sisplatini inayotolewa mara moja kwa wiki katika kipindi cha mionzi, na sisplatini ni dawa inayoumiza figo. Kwa umri, uzito na kreatinini uliyonitajia, ninakadiria kwamba figo zote mbili za mama kwa pamoja zinachuja karibu mililita 24 kwa dakika, wakati wataalamu wengi hawaitoi dawa hiyo kwa dozi kamili chini ya mililita 50 au 60. Kaboplatini ni mbadala unaotumika pale inapolazimu, ingawa sisplatini ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi katika saratani hii. Tena mionzi ikianza haitakiwi kukatizwa. Inapaswa kukamilika, ya nje na ya ndani, ndani ya wiki 8 hivi, kwa sababu kuchelewa zaidi ya hapo hupunguza uwezekano wa kupona. Mgonjwa anayeanza akiwa na figo zinazoshindwa, kisha akalazwa katikati kwa kutapika na kuchanganyikiwa, hupoteza figo na hupoteza pia nafasi ya kupona. Siku chache za kuweka mrija kabla ya kuanza ni bei ndogo ukilinganisha na hilo.

Huenda mmesikia kwamba kuna mrija mwingine unaopitishwa kwa chini, kupitia kibofu hadi kwenye figo, usioonekana nje na usiohitaji mfuko. Huo huitwa stenti. Katika mawe ya figo ni chaguo zuri sana, na kwa mgonjwa wa uvimbe pia tunaujaribu inapowezekana, kwa kuwa maisha bila mfuko ni mepesi. Lakini uvimbe unabana kutoka nje, na mrija laini uliowekwa ndani ya mwingine unaobanwa ni sawa na mpira mdogo uliopitishwa ndani ya mpira wa bustani uliokanyagwa na gurudumu: mara nyingi vyote viwili hubanwa pamoja, na stenti ikishindwa hakuna dalili ya haraka inayowaonya. Tena kama saratani imegusa kibofu, tundu ambalo mrija wa mkojo huingilia kibofuni huweza kufunikwa na uvimbe kiasi kwamba daktari halioni. Mrija wa mgongoni huepuka matatizo hayo yote: unawekwa kwa ganzi ya mahali, mgonjwa akiwa amelala kifudifudi au ubavu, huku daktari akiongozwa na ultrasaundi na mara nyingine eksirei. Njia hii imetumika tangu 1955. Baadaye, figo ikishatulia, upo uwezekano wa kushusha stenti kutokea juu kupitia tundu hilohilo la mgongoni na kuuondoa mfuko, kwa hiyo muulizeni daktari kama ana mpango huo.

Hofu ya kusambaza saratani ina jibu fupi. Sindano hupita kwenye ngozi ya ubavuni na misuli ya mgongo hadi ndani ya figo, na uvimbe wa mama uko chini kabisa ndani ya nyonga. Njia ya mrija haiugusi. Hatari za kweli ni nyingine, yaani kutokwa na damu, maambukizi na mrija kuchomoka. Kabla ya kuanza, hakikisheni daktari anajua kama mama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, na kwamba chembe sahani, yaani chembe zinazoigandisha damu, na uwezo wa damu kuganda vimepimwa. Mkojo wenye rangi ya waridi kwa siku moja au mbili za mwanzo ni wa kawaida. Damu nzito yenye mabonge, au mfuko unaozidi kuwa mwekundu badala ya kusafika, si ya kawaida, na muuguzi aitwe mara moja.

Baada ya figo kufunguliwa, wapo wagonjwa wanaotoa mkojo mwingi kupita kiasi, zaidi ya mililita 200 kwa saa, kwa sababu figo iliyokuwa imebanwa haijarudisha uwezo wake wa kuhifadhi maji na chumvi. Familia hufurahi, na kwa kiasi wana haki, lakini mgonjwa huyo huweza kukaukiwa na maji na kuharibikiwa madini ya damu ndani ya siku moja asipofuatiliwa. Andikeni kila mfuko unaomwagwa, saa na kiasi. Daftari la namna hiyo likishikwa na binti mwangalifu humsaidia daktari kuliko vipimo vingi, na huo ni ushauri ninaoutoa wodini kila mara.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi kabla ya mrija kuwekwa ni potasiamu. Figo zikishindwa, madini hayo hujikusanya kwenye damu na huweza kuusimamisha moyo bila onyo la kutosha. Kwa hiyo ombeni ipimwe leo pamoja na kreatinini. Ikiwa juu sana, hutibiwa kwanza kwa dawa za mshipani, na mara nyingine kwa kusafisha damu, ndipo mrija uwekwe. Kusafisha damu kwa mgonjwa wa namna hii aghalabu ni kwa muda mfupi tu, kwa sababu tatizo lake liko kwenye njia ya mkojo na siyo kwenye figo zenyewe. Hapa ndipo ninapoomba msimpe madafu. Najua kwamba kwetu anayeumwa figo huletewa madafu ya kuzisafisha, pamoja na ndizi, parachichi na juisi ya machungwa, lakini vyote hivyo vina potasiamu nyingi na vinamfaa mtu mwenye figo nzima. Dawa za mitishamba nazo ziachwe kabisa kipindi hiki, hata zile zinazosifiwa kwa kuzibua mkojo. Miguu ikivimba msimnunulie vidonge vya kukojoza maji, maana kuilazimisha figo itengeneze mkojo zaidi wakati njia imefungwa hakutamsaidia.

Upande wa dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa, hupunguza damu inayoingia kwenye figo na ni mbaya mno kwake, iwe kwa kidonge au kwa sindano. Parasetamoli inafaa. Kama maumivu yanahitaji mofini, anaweza kuitumia, ila mabaki yake hujikusanya figo zikiwa dhaifu, kwa hiyo daktari ataanza na dozi ndogo na kuiachanisha kwa saa nyingi zaidi. Akisinzia kupita kawaida au akianza kushtukashtuka viungo, rudini hospitali. Sindano ya gentamisini, inayotolewa kirahisi kwa homa ya mkojo, nayo ina wenzake walio salama zaidi kwa mgonjwa huyu, na kama ataandikiwa picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, mkumbusheni fundi wa picha kuhusu kreatinini yake.

Hukutaja kama mama ana virusi vya ukimwi, na si lazima unijibu mimi. Lakini saratani hii huwapata zaidi wanawake wenye virusi hivyo, na vidonge vya kufubaza virusi vya TLD wanavyotumia wengi vina tenofoviri, ambayo huweza kuiumiza figo iliyo dhaifu, pamoja na dolutegraviri, ambayo hupandisha kreatinini kidogo kwenye karatasi bila kuidhuru figo. Kama anazitumia, asiziache mwenyewe hata siku moja. Daktari ajulishwe ili abadilishe kile kinachopaswa kubadilishwa.

Jambo lingine linatokana na mahali mnakotoka. Kichocho cha mkojo kimekuwepo Shinyanga miaka mingi, na mtu aliyekipata utotoni huweza kubaki na makovu kwenye mirija ya mkojo yanayoziba figo polepole. Sisemi kwamba ndicho kilichoiharibu figo ya kushoto ya mama. Uvimbe alionao unatosha kueleza yote. Lakini kama kuna historia ya kukojoa damu akiwa mtoto, daktari aambiwe, kwa sababu kovu la kichocho halitalegea kwa mionzi, na uamuzi wa lini mrija utolewe utategemea hilo.

Kwa wasomaji wengine wenye uvimbe wa aina tofauti, jibu langu lisichukuliwe neno kwa neno. Faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, ikiwa kubwa na kubana mrija, hutolewa kwa upasuaji na kwa kawaida njia hufunguka. Limfoma, yaani saratani ya tezi, huweza kusinyaa haraka kwa dawa. Uvimbe unaoota nyuma ya matumbo na kuuzunguka mrija huenda ukahitaji kukatwa pamoja na kipande cha mrija, kisha daktari wa upasuaji wa mfumo wa mkojo aunganishe upya kwa kuvuta kibofu juu au kutengeneza njia kwa nyama ya kibofu chenyewe, na mara nyingine figo hutolewa yote ikiwa ya pili inajitosheleza. Ndiyo maana katika upasuaji wa namna hiyo kazi ya kila figo inapaswa kupimwa kabla ya kisu kushikwa.

Lazima niseme pia kwamba mrija hauwi jibu sahihi kwa kila mgonjwa. Saratani ikirudi baada ya matibabu yote, hakuna tiba nyingine iliyobaki, na mgonjwa amechoka, kufungua figo huweza kuongeza wiki za maumivu na mifuko bila kuongeza maisha anayoyataka yeye. Hapo mgonjwa mwenyewe aulizwe kwa uwazi, na uamuzi wake uheshimiwe. Mama yako hayuko huko. Hajapata matibabu yoyote bado, ugonjwa wake uko katika hatua ambayo baadhi ya wagonjwa huponywa, na figo ndiyo mlango wa kuyafikia matibabu hayo, yapatikanayo katika hospitali ya Bugando kule Mwanza, jirani nanyi, na taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kama gharama ya mrija ndiyo inayochelewesha, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjaanza kuuza mali.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani na mrija, mfuko ukae chini ya usawa wa kiuno wakati wote, mrija ubandikwe vizuri kwa plasta usivutike anapogeuka kitandani, na kidonda kisafishwe kama atakavyoelekeza muuguzi. Mrija usifungwe wala kukunjwa. Ukichomoka, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu tundu huweza kujifunga ndani ya saa chache na kazi ikaanza upya. Fanyeni hivyohivyo mfuko ukikauka ghafla, au joto likifika nyuzi 38 na akaanza kutetemeka. Homa kwa mtu mwenye mrija wa figo haisubiri kesho asubuhi. Mrija hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na tarehe iandikwe mapema kwenye daftari lilelile.

Umeuliza kama figo zitarudi. Ya kulia, nina matumaini nayo. Kreatinini ikishuka vizuri katika siku za mwanzo na kuendelea kushuka hadi wiki ya pili, mtakuwa mmewahi, na hesabu ya sisplatini itafanywa upya kwa namba mpya. Baada ya mionzi kukamilika, daktari ataingiza dawa ya picha kupitia mrija kuona kama inateremka hadi kwenye kibofu; ikipita, mrija hufungwa kwa majaribio chini ya uangalizi wa hospitali, kisha hutolewa. Hata baada ya hapo ultrasaundi irudiwe kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa mionzi yenyewe huweza kuacha kovu linalobana mrija miaka mingi baadaye, na litabana kimya vilevile. Ya kushoto sitakuahidi. Kipimo cha nyuklia kinachoonyesha mchango wa kila figo kitatoa jawabu, na ikionekana inachangia chini ya asilimia 10 au 15 ya kazi yote, hatutahangaika kuizibua. Itaachwa mahali pake, na haitatolewa isipokuwa ikipata maambukizi yasiyokoma, ikileta maumivu, au ikionekana kuwa ndiyo inayopandisha shinikizo la damu.